Tope la Huku na Tope la Ilagala

Rostock, Ujerumani
Jumapili, mwisho wa Agosti

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Shabani, soma kwa sauti na usiruke mistari. Baba simu haisikii vizuri, na Mama akiishika anamaliza salio kwa kuniuliza nimekula nini. Ndiyo maana nimeandika. Nimekula. Mimi mzima, kazi ipo, na kibali cha kukaa kimeongezwa muda.

Barua hii ni jibu la swali la Mama. Nilipowatumia ile picha nimevaa mabuti ya mpira, tope mpaka magotini, Mama alinirudishia ujumbe wa sauti: "Zuhura, tope la Ilagala halikukutosha mpaka ukalifuate Ulaya?" Nilicheka peke yangu kwenye basi hadi watu wakageuka. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba sina jibu.

Kazi ya nyumba ya wazee mnaijua, nimewaeleza mara nyingi. Ila sijawahi kuwaambia habari ya usingizi. Mwaka jana nilipangwa zamu za usiku mfululizo, na nikitoka asubuhi silali. Nafunga pazia, najifunika, halafu zile kengele za wagonjwa zinaendelea kulia kichwani. Mwili umechoka kama wa mtu aliyelima siku nzima, akili haitaki kukaa. Sikuwaambia kwa sababu nilijua Mama angefunga safari kwenda kwa shangazi kuniombea dua, na nauli imepanda.

Aliyenitoa humo ni bibi mmoja kati ya wazee wangu, miaka yake ilikuwa imepita tisini. Alikuwa haondoki kitandani, lakini darubini yake ilikaa dirishani. Asubuhi moja, nimeshavaa koti niondoke, akanituma. Ndiyo, alinituma, kama bibi anavyomtuma mjukuu chumvi dukani. Akasema: panda treni ushuke Ribnitz-Damgarten, fuata Mto Recknitz, kuna kiota cha korongo juu ya nguzo, kaangalie kama vifaranga vimetoka, urudi uniambie. Nilikuwa sijalala, lakini mtu wa miaka tisini akikutuma unakataaje? Nikaenda.

Baba, nilitembea kwa muda wa saa tatu. Bonde lile ni tambarare, mto unajikunja polepole, matete pande zote, maji meusi kama chai ya rangi. Viboko hamna, mamba hamna. Kitu cha kuogopa ni kupe, maana wa huku wanaambukiza ugonjwa mbaya. Unachomeka suruali ndani ya soksi na jioni unajikagua mwili mzima. Sikuwa nimeona matete mengi namna ile tangu niondoke kwenu. Upepo ulipoyapitia nikasikia ule mlio wa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Mto Malagarasi. Nikakaa chini. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama na begi langu lilikuwa na konokono juu yake. Nilikuwa nimelala. Kwenye nyasi, mtu mzima, na kitambulisho cha kazi shingoni!

Vifaranga vilikuwa vitatu. Nilipomwambia yule bibi, hakuniamini. "Picha iko wapi?" Hivyo ndivyo nilivyonunua kamera, Mama. Ni ya mitumba, pamoja na lenzi ndefu yenye mkwaruzo pembeni, na nililipa kwa mafungu matatu. Picha mia za kwanza zilikuwa nyasi tupu, au mkia wa ndege anayeondoka. Ndege akiruka, usipoweka kasi ya kamera kwenye sehemu moja ya elfu moja au ya elfu mbili ya sekunde, unapata ukungu wenye mabawa. Na ukimfuata hupati kitu. Unatafuta mahali, jua likiwa mgongoni, unakaa, unanyamaza, unamwacha aje yeye mwenyewe. Ukibahatika, jicho lake linatulia mbele ya lenzi, na dakika ile hakuna kengele inayolia kichwani. Hamna nafasi.

Baba, ulipokuwa unakaa ndani ya mtumbwi alfajiri, nyavu zimeshatupwa, kasia limelazwa magotini, nilikuwa nadhani umechoka, au huna la kutuambia. Niliwahi kumwambia Idi kwamba Baba anapoteza muda mtoni. Naomba unisamehe. Sikujua kwamba ile nayo ilikuwa shughuli.

Kuna jambo huku litakuchekesha. Wajerumani walihangaika vizazi na vizazi kukausha ardhi hii. Walichimba mitaro, wakaweka pampu, mpaka zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yao ya mboji yenye maji ikawa mashamba na malisho. Sasa wanalipana fedha kuziba mitaro ileile! Wamegundua kwamba mboji ile ikikauka inaoza, ardhi inadidimia, na kaboni iliyolala humo maelfu ya miaka inapanda angani ikiwa hewa ya ukaa. Sehemu ya bonde la Recknitz imerudishiwa maji hivyohivyo. Siku moja tulikuwa tunalizungumza kazini, nikawaambia mimi nimezaliwa kwenye tope ambalo halijakaushwa. Wakanitazama kama nimesema nimezaliwa kwenye mgodi wa dhahabu. Nilipofuatilia nikajua kwamba ardhioevu yetu ya Malagarasi na Muyovozi iliandikishwa mwaka 2000 kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa mataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ikiwa ya kwanza Tanzania, na ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Inaipita nchi nzima ya Ubelgiji. Kule ndani yuko mpaka korongo-nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, ambaye watu wa huku wanalipa fedha nyingi wamwone mara moja. Nimekua pembeni ya kitu hicho chote nikikijua kwa jina moja tu: mbu.

Sasa nisikilizeni habari ya korongo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Huyu wa huku ni mweupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Hana sauti, anagonganisha mdomo kama mtu anayepiga vibao viwili. Wazee wanawaambia watoto kwamba yeye ndiye anayeleta vichanga. Mama, wewe uliyepokea watoto nusu ya kijiji, kumbe kazi yako ni ya ndege!

Zamani watu wa huku hawakujua ndege wanakwenda wapi baridi ikija. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu wanalala chini ya maziwa mpaka joto lirudi. Halafu mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, si mbali na hapa, aliangushwa korongo mwenye mkuki umempita shingoni, karibu sentimita 80, na ulikuwa mkuki wa Afrika. Alipigwa kwetu, hakufa, akaruka nao njia nzima mpaka Ujerumani. Yupo mpaka leo ndani ya kabati la kioo hapa Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Nilikwenda kumwona siku yangu ya mapumziko. Nikamwonea fahari, nikamwonea huruma na yule bwana aliyekosa kitoweo.

Korongo wa upande huu hawavuki bahari kubwa. Wanapanda na hewa ya joto, wanazunguka kupitia Uturuki na Misri, wanafuata Nile, wanashuka Afrika Mashariki, wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Wadogo ndio wanaotangulia, wazazi wanafuata baadaye. Wale watatu wa mwaka huu niliwapiga picha wakijifunza kuruka juu ya kiota, na wiki iliyopita nilikuta nguzo ni tupu. Yule bibi hakuwaona hawa, alifariki mwezi wa pili. Wanawe wakanipa darubini. Bado nakwenda, siku hizi bila kutumwa, na nikirudi nalala kwa muda wa saa saba bila kuamka.

Kwa hiyo, Mama, tope la Ilagala lilinitosha. Nilikuwa nimelisahau tu.

Sasa maombi yangu. Mwana wa mama mdogo anarudi Novemba, nitampa kamera yangu ya zamani aifikishe Kigoma. Ni ya Shabani, siyo ya kuuza pale Kibirizi. Baba, mchukue kwenye mtumbwi asubuhi moja, umwonyeshe furukombe anakotua, na mniandikie majina ya ndege wale kwa Kiha. Huku kila ndege ana jina lake, mimi nawaita wote korongo na yangeyange, aibu tupu.

Na mvua zikianza, mkienda kwenye zile nyasi fupi za kule juu, angalieni wale weupe wanaookota panzi. Wengine wamevishwa pete miguuni, zenye herufi na namba. Shabani, ukimwona mwenye pete, usimsogelee. Kaa chini, jua liwe mgongoni, mpige picha ya mguu, unitumie nisome ametoka wapi.

Nimeweka fedha kidogo kwa ajili ya mawese na dawa ya macho ya Baba. Sombe na migebuka naviota usiku.

Binti yenu,
Zuhura