Kamusi Niliyokununulia Ina Wenyewe

Makole, Dodoma

Kwa mwanangu mpendwa Neema,

Salaam sana. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, na zabibu za shangazi yako kule Hombolo zimevunwa kabla ndege hawajazimaliza.

Uliniomba kamusi mpya. Hii niliyokutumia si mpya, na najua utakachosema ukifungua khaki: "Mama naye!" Basi soma barua kwanza, ugomvi utafuata.

Nimeinunua kwa mzee mmoja anayetandika vitabu chini, jirani na Soko la Majengo. Zamani turubai lake lilikuwa na vitabu vya shule ya msingi na vya nyimbo za Kigogo, basi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, watu wamekuja na maboksi yao kutoka Dar, na nyumba za kupanga hazina nafasi ya makabati. Vingi vinaishia kwake. Vya Dar utavijua tu: vina madoa ya ukungu na harufu ya unyevu. Vilivyozeeka huku kwetu, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, huwa vikavu na vina vumbi. Hii yako ni ya huku.

Ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza la mwaka 1981. Yametoka mengine mwaka 2004 na 2013, kwa hiyo nakwambia mapema, intaneti humo hutaikuta. Mambo hayo katazame kwenye kamusi ya maktaba ya chuo. Kwa riwaya na mashairi mnayosomeshwa, hii itakufaa mno.

Ukurasa wa mbele una majina mawili. La juu ni la wino wa bluu, mwandiko ule wa kulaza wa watu waliofundishwa kwa fimbo, na chini yake: "Chuo cha Ualimu Mpwapwa, 1984". Limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, kwa heshima. La pili ni la kalamu nyekundu, la harakaharaka, halina mwaka ila lina onyo: "Atakayeiba hiki naye ataibiwa." Naona onyo halikufua dafu. Au pengine aliiuza mwenyewe, mwezi ulipokuwa mrefu.

Sasa fungua jalada la nyuma, kwa ndani. Yule wa Mpwapwa ameandika kwa penseli: sabuni mche 1, mafuta ya taa chupa 2, viberiti, sukari kilo 1. Kila kimoja kimewekewa vema isipokuwa sukari. Sukari imepigiwa mstari mara mbili, na pembeni yake: "Jumatano tena."

Wewe hukuziona foleni zile. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinasimama kwa kukosa vipuri. Mwaka 1983 ukatangazwa msako wa wahujumu uchumi, na wenye bidhaa wakawa wanazitupa usiku ili wasikutwe nazo. Mimi nilikuwa mtoto, bibi yako ananipanga foleni alfajiri, na nikitoka kidogo naacha jiwe linishikie nafasi. Hayo utayasoma kwenye vitabu vya historia, tena kwa takwimu. Lakini huyu mwanachuo aliyekosa sukari akaambiwa arudi Jumatano, akaandika kwenye kamusi yake kwa sababu pengine daftari nalo lilikuwa shida, humo hayumo. Nimemkuta hapa tu. Ndiyo maana nimekukatalia ile mpya ya dukani, si ubahili peke yake.

Huyu wa kalamu nyekundu, nikwambie ukweli, simpendi sana. Mjuaji. Amewakosoa wataalamu wa TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoitunga kamusi hii, kurasa nzima: "Sivyo!", "Nani kasema?" Ila ukifika kwenye miti, ananinyamazisha. Kando ya mbuyu, mkwaju na mingineyo ameandika majina ya Kigogo, kwa utaratibu, herufi ndogondogo ziingie pembeni. Nilimpelekea bibi yako. Unajua alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, na mpaka leo anasoma kwa kidole. Alikaa na kamusi mchana kutwa. Majina yote ameyapitisha isipokuwa moja, anasema hilo ni la Warangi wa Kondoa, huyo bwana kadanganywa. Nimelitia alama ya penseli, utaliona.

Katikati kuna tiketi ya treni ya karatasi ngumu, imetobolewa, Dodoma kwenda Tabora. Itoe humo uiweke kwenye bahasha. Imeshaacha doa la kahawia pande zote mbili, maana karatasi za rahisi zina asidi, na asidi huhamia ukurasa wa jirani. Umanjano wa kurasa nao unatokana na mti wenyewe: kuna kitu kinaitwa lignini, kikipigwa na mwanga na hewa hugeuka rangi. Kwa hiyo usiianike dirishani. Vumbi lifute kwa brashi kavu, usitumie kitambaa kibichi. Uti ukiachia usibandike selotepu, gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Pika uji mzito wa ngano uliochujwa, paka kidogo sana, kandamiza kwa matofali mpaka ukauke. Na raba usiiguse humo. Najua ulivyo na usafi.

Kulikuwa na kitabu kingine kizuri zaidi, cha mashairi, ila kina mhuri wa maktaba ya shule ambayo bado ipo, na hakina mhuri wa kuonyesha kimeondolewa. Nilikirudisha turubaini. Mzee akakasirika, akasema vitabu havina miguu. Nikamwambia ndiyo hivyo, kuna mtu alikibeba. Nawe huko Mwanza ukikutana na cha namna hiyo, hata kiwe bei ya karanga, kiache au ukirudishe kwa wenyewe.

Mzigo nimeulipia huku, usikubali wakudai tena stendi. Bei ya kamusi mpya ulinitajia elfu arobaini, hii nimepewa kwa elfu kumi na mbili baada ya kuvutana. Iliyobaki nimekurushia kwenye simu. Nunua daftari na dawa ya kikohozi, isiishie yote kwenye chipsi mayai.

Bibi yako anauliza Wasukuma mbuyu wanauitaje. Uliza wenzako, umjibu yeye mwenyewe, simu yake sasa inashika chaji.

Mama yako