Tyubu ya dawa ya kupaka ni elfu tatu, kwa nini kusafisha kidonda elfu nane?

Jumamosi tumesemwa pale mapokezi mpaka wagonjwa waliokaa benchi wakaacha simu zao wakawa wanasikiliza. Dada mmoja kaunguzwa na ekzosi ya bodaboda, mguu wa kulia, shavu la mguu kwa ndani, palepale wanapoungua abiria wote. Nikamwambia bei, akaniangalia juu chini. "Nesi, elfu nane kunimwagia maji ya chumvi na kunizungushia bandeji? Tyubu yenyewe dukani elfu tatu, si napaka mwenyewe?"

Wala sio wa kwanza, kila wiki tunaambiwa hivyo, kwahiyo naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii.

Tyubu ni kweli elfu tatu, hata sisi tunauza hivyohivyo na ukitaka tyubu peke yake tunakupa. Ila dawa ya kupaka inafanya kazi pale inapogusa tu. Sasa kama juu ya kidonda kuna usaha, ngozi iliyokufa na dawa ya juzi iliyogandiana, wewe umeupaka uchafu dawa, nyama ya chini haijaonja kitu. Hiyo elfu nane ni ya kuifikisha dawa kwenye nyama.

Dada wa watu alianza na dawa ya meno. Jamani dawa ya meno! Ukiungua weka mguu kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, hiyo ni bure na hakuna krimu inayoishinda kwa wakati ule. Baada ya dawa ya meno akanunua ile krimu nyeupe ya kuungua, yenye silva, akawa anapaka siku ya kwanza, ya pili anapaka juu yake, ya tatu juu yake tena, kama fundi anayepiga lipu ukuta. Siku ya nne akaona utando wa njano njano akajua usaha, akaja kulalamika kauziwa dawa mbovu. Ule sio usaha. Ni krimu yenyewe imechanganyika na majimaji ya kidonda, ndio tabia yake, na ndio maana kila siku lazima uoshe yote iishe kabla ya kupaka nyingine.

Nilikaa naye karibu nusu saa. Gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ilishagandana nacho, na gozi ya hivyo haivutwi, unailowesha na salaini (yale maji ya chumvi) unasubiri dakika kumi hata kama foleni imefika mlangoni, maana ukiivuta inaondoka na nyama mpya yote aliyoipata kwa siku nne. Ikaachia yenyewe. Nikaosha utando taratibu, chini nikakuta pinki safi kabisa kama ufizi wa mtoto, kasoro pembeni kidogo palipobaki na dawa ya meno. Hapo nikamwambia ile krimu tuache, kidonda ni cha juu juu na kimeshakuwa kisafi, kuendelea nayo kunachelewesha kupona, tukahamia gozi ya vaselini. Na nikamuuliza swali ambalo dukani hakuulizwa, kama akimeza Septrini au SP anavimba midomo au kutoka malengelenge, kwa sababu krimu ile ina salfa ndani kama dawa hizo. Hana shida, ana bahati. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na kichanga wa chini ya miezi miwili hatuwapi kabisa.

Sasa niseme linaloniuma. Sisi tuko Mbagala Rangi Tatu lakini ugonjwa wetu ni rangi mbili. Watu wananunua zile kapsuli za antibayotiki za rangi mbili, mbili tatu bila cheti, wanafungua, unga wanamwagia kwenye kidonda. Kinakauka juu, mtu anafurahi, "nesi mbona kimekauka chenyewe." Kimefunga mlango tu, usaha uko chini unaendelea na shughuli zake. Unga ule umetengenezwa uyeyuke tumboni uingie kwenye damu, na una vichanganyio vingine ambavyo havina kazi yoyote kwenye nyama mbichi, na wengine unawaletea aleji ya dawa hiyohiyo ambayo kesho wataihitaji kweli.

Mwaka jana alikuja fundi ujenzi, mzee wa makamo, kakanyaga msumari akiwa na kandambili. Wiki mbili anamwagia rangi mbili na katumia tyubu tatu. Gamba gumu limekaa chini ya unyayo kama kifuniko cha soda, ila mguu umevimba mpaka kifundoni na ana homa. Nilipolowesha gamba likainuka, harufu mliyokuwa nje mngeisikia. Tundu la msumari linaenda chini, krimu itafikaje huko? Nikamuuliza sindano ya pepopunda, hajachoma. Tukampima sukari, 19, iko juu sana. Hajawahi kujua kama ana kisukari, anajua anakojoa sana usiku kwa sababu ya uzee. Tukaandika rufaa saa ileile. Mguu haukukatwa ila kazini alikaa nje miezi, na hela iliyotoka ukiigawanya kwa elfu nane unapata kusafisha kidonda mpaka uchoke. Tangu hapo kidonda kikifika wiki mbili hakieleweki tunapima sukari kwanza, na hapo pia kuna anayesema tunatafuta hela ya kipimo.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, naomba nisirefushe. Povu lile mnalolipenda linatoka hata kwenye damu safi, sio dalili kwamba wadudu wanakufa, na ukilitumia kila siku unaua na nyama inayoota. GV nayo, ile dawa ya maji ya kupaka, inapaka zambarau kila kitu, siwezi kuona kama wekundu unasambaa.

Kuna mama alituchukia mpaka leo hanisalimii, mtoto ana mapunye kichwani, tukamkatalia krimu. Mapunye ya kichwani yamekaa ndani kwenye mzizi wa nywele, krimu haifiki, anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki sita hadi nane. Akaenda kwingine akauziwa ile ya mchanganyiko, ndani ina steroidi, dawa ya kutuliza muwasho, muwasho ukaisha siku mbili akatusema mtaa mzima. Mwezi uliofuata mtoto anayo mpaka shingoni.

Bei basi. Salaini nikishafungua chupa ya kwako haiendi kwa mgonjwa mwingine. Glovu jozi mbili, ya kutolea bandeji chafu na ya kufungia. Trei na vibano vinapita kwenye mashine ya mvuke, na umeme wa luku mnaujua. Kidonda kikishakuwa kisafi wala hatukung'ang'anii, tunakufundisha ufanye nyumbani: maji yaliyochemka nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, acha yapoe, nawa mikono na sabuni, osha, funga. Rudi ukiona wekundu unapanda, harufu, homa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua.

Dada wa ekzosi alirudi Jumatatu kabla hatujamaliza kudeki. Kavaa viatu vya kazini, akasema leo usifunge bandeji nene. Akatoa elfu nane, halafu akasimama pale dirishani mpaka nikamwandikia risiti.