Kwa vijana wa ngoma Newala, kuhusu kaseti za Injinia

Wajukuu zangu, leo shikamoo zenu sizitaki, tuongee kwanza.

Juzi nimeshuka Kitere kwa binti yangu, napita kwenye mpunga nasikia kitu kinavuma vuuu, kumbe mkanda wa kaseti umevutwa mti kwa mti kufukuzia ndege. Chini ganda lake. Mwandiko naujua, wa Injinia: "Ntoji peke yake. USIFUTE." Ntoji, ile ngoma yetu. Nilikaa palepale kwenye jaruba.

Injinia wa watu alikuja huku kwa ajili ya pampu, si mnajua Newala maji yanapandishwa kutoka bondeni, enzi hizo Daraja la Mkapa bado, lile limefunguliwa 2003, watu wanavuka Rufiji na pantoni na mvua ikikaza mnalala njiani. Mchana pampu, jioni kaseti. Na hakuwa anarekodi kama nyie na simu zenu, sekunde kumi kiuno kimoja mshatupia status, yeye alikuwa anasimamisha ngoma nzima, hebu kinganga kimoja kimoja, vile vingoma vidogo, anauliza kwa nini mnaviota motoni, ngozi ikilegea sauti inashukaje, huu mguu uliochongoka mnauchomeka ardhini wa nini. Wazee wanamcheka, Mmakonde wa kuazima, hata kucheza hajui! Ila fundi wa ngoma alipokufa, aliyebaki anajua kupanga sauti za vinganga alikuwa yeye, mtu wa spana.

Arobaini ya Injinia mkaleta spika, singeli mpaka asubuhi, vinganga viko stoo vimekula vumbi. Mlikosa nyasi za kuwashia moto nyie? Sindimba ilitoka huku ikachezwa mpaka na kikundi cha taifa miaka ya 1960, leo mnaijua kiuno tu.

Unyago msirekodi. Wazee wapigaji walipeni. Pombe baada ya ngoma, siyo kabla.

Na sisi wakubwa tusijitoe, maana akija kiongozi ndo tunawakumbuka, mnapigishwa ngoma juani kutwa mnapewa soda, halafu tunashangaa vijana wamekimbilia spika. Hilo nalijua wanangu, na Injinia alikuwa analisema bila kuogopa mtu.

Kaseti zimebaki mbili, nimezificha kwenye kopo la unga, ila redio yangu mpira umekatika. Mwenye redio kaseti inayofanya kazi aje nayo kabla korosho hazijaanza kudondoka, na aje na kinganga.