Barua kwa mwanangu: usianze na rangi

Wete, Pemba
14 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Bibi yako mguu umetulia, na mdogo wako hashikiki kwa pilikapilika za harusi. Karafuu mwaka huu zimezaa kiasi. Jamvi liko uani tangu juzi, na hivi ninavyokuandikia jicho moja liko kwenye karatasi, jingine kwenye mawingu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, kwa kuwa umesema utaivusha gari yako ije Pemba umpeleke mdogo wako kwa mumewe. Mara ya pili nilichukua kalamu nikaandika kila ulichokitaja: kutu kwenye boneti na mlango wa kushoto, kiyoyozi hakipozi, breki za mbele zinalia, matairi ya mbele yameanza kuwa kipara, rejeta unaiongeza maji kila baada ya siku mbili, kuna kitu kinagonga mbele ukiingia shimoni, taa ya injini inawaka, redio imekufa. Mambo manane. Kisha ukasema mkononi una laki tatu na nusu, na fundi rangi amekukubalia kwa laki tatu.

Usiku ule usingizi ulinipaa.

Nakuelewa, babaangu. Wewe ndiye kaka wa bibi harusi, na gari ile itasimama mbele ya macho ya watu wote. Nani apendaye kumpakia mdogo wake kwenye Carina ya mwaka 1998 yenye mabaka ya kutu? Lakini unakumbuka ulipokuwa darasa la sita, mvua ilipotushukia ghafla karafuu zikiwa nje? Wewe ulikimbilia kamba ya nguo, kwa sababu sare yako ya skuli ilikuwa pale na kesho yake ulikuwa na mtihani. Mimi nikakupigia ukelele uache nguo ushike pembe ya jamvi. Sare ilirowa, tukaikausha kwa pasi. Karafuu zingerowa zingepauka, na bei yake ingeshuka pale pale tulipokuwa tukingojea ada na mchele. Ndivyo ninavyotaka uitazame gari yako leo. Kipi kikirowa kitakauka, na kipi kikirowa ndiyo basi.

Unajua nilivyoyajua mambo haya. Marehemu babaako alipotutoka aliniachia gari ya abiria ya njia namba 606, Wete na Chake, na dereva, na deni. Sikuwa najua hata boneti inafunguliwa wapi. Nikajifunza kwa kukaa gereji kwenye kibao, siku nzima, namtazama fundi mikono yake na kumuuliza kila anachokitoa. Mwanzo waliniona mwanamke msumbufu. Baadaye fundi mwenyewe akawa ananiita, "Mama, njoo uone hii."

Na kosa nililolifanya ndilo hilo unalotaka kulifanya. Abiria walikuwa wakilalamika viti vimechanika, nami nikaona haya. Nikatoa pesa zote za mwezi nikashonesha viti upya, vyekundu, vizuri kabisa. Dereva alikuwa ameshaniambia pedeli ya breki inaingia ndani kuliko kawaida. Nikamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Wiki moja baadaye, gari imejaa watu, kwenye mteremko, alikanyaga hakukuta kitu. Mungu alimpa akili, akatia gia ndogo na kuiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, ikakwaruza mpaka ikasimama. Hakufa mtu, hakuvunjika mtu. Nilipofika nilimkuta bibi mmoja kakaa chini ya mwembe na kikapu chake cha mayai, mengi yamepasuka, anayafuta mayai mazima moja moja kwa ncha ya leso. Nilimlipa mayai yake. Mpaka leo nikiona kiti chekundu cha gari moyo unashituka.

Kwa hiyo breki kwanza, na silijadili hili na wewe. Huko kwako Unguja njia ni tambarare. Kutoka Fuoni mpaka Kiwengwa breki mbovu inaweza kukusitiri miezi. Pemba haitakusitiri. Ukishuka melini Mkoani unaanza kupanda papo hapo bandarini, na kutoka hapo mpaka Chake, na Chake mpaka huku, ni panda shuka. Kile kilio kama filimbi mara nyingi ni kijibati kilichowekwa makusudi kwenye padi, kile kibao kinachobana diski ya gurudumu, ili kiguse diski padi ikibaki nyembamba. Kinakuita mapema. Ukikipuuza, filimbi inageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, diski inaliwa, na ulichokuwa ukinunua kimoja unanunua viwili. Padi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, si moja tu, ama sivyo gari itavuta upande ukifunga breki.

Mwambie fundi amwage na mafuta ya breki ya zamani yote, atie mapya na atoe hewa. Mafuta yale hunyonya unyevu, na hewa yetu ya visiwani unaijua, hata chumvi jikoni hailali kavu. Yakishashiba maji, breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu mvuke unajaa ndani ya paipu, na pedeli inakuwa laini kama unakanyaga godoro. Chupa yake ni pesa kidogo. Nadhani ndiyo pesa kidogo yenye kazi kubwa kuliko zote kwenye gari.

Cha pili ni hicho kinachogonga. Hapa nataka jibu kabla hujanunua kitu chochote. Kinaweza kuwa bushi ya mpira iliyochoka, na hiyo inavumilika. Kinaweza kuwa shokapu, na hiyo nayo inaweza kungoja kidogo. Lakini ikiwa ni boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, haingoji hata safari moja ya Kiwengwa, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala upande na usukani unabaki mkononi mwako bila kazi. Mwambie fundi aipandishe gari jeki, aikalishe vizuri juu ya stendi, ashike tairi juu na chini alitikise. Likicheza, achungulie ndani nawe uchungulie naye. Kisha ashike kulia na kushoto. Likicheza hivyo, mara nyingi ni tairodi, ile fito inayovuta gurudumu ukikata usukani. Usikubali kuambiwa tu. Simama pale, uone kwa macho yako.

Matairi. Vuli inakaribia, na lami ikipata mvua ya kwanza, vumbi na mafuta ya miezi vinapanda juu, inateleza kama sakafu iliyomwagwa sabuni. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya mpira. Kashata, yale matuta makubwa yanayokanyaga njia, zikiliwa mpaka zikawa sawa na vijituta hivyo, tairi limekwisha. Na usinunue ya mtumba kwa kutazama kashata tu. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2313, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013, na mpira wake umeshakauka hata kama kashata zinang'ara. Liinamishie uso ulitazame ubavu, utaona nyufa nyembamba kama za kisigino.

Halafu rejeta. Hii haitakuua, lakini itaiua injini, na injini ya gari hiyo ikifa ndiyo gari yenyewe imekufa. Maji hayapotei hivi hivi. Mara nyingi ni paipu iliyopasuka karibu na klipu, au pampu ya maji inayovuja, au rejeta yenyewe imetoboka; wakiweka presha wataona yanapotokea. Usimruhusu mtu akutilie bizari ati izibe tundu. Dereva wangu mmoja alifanya hivyo kwa nia njema. Bizari ikaziba tundu na ikaziba na vile vijipaipu vyembamba vya rejeta, gari ikachemsha na abiria ndani, naye akaendelea kwenda kwa kuwa alitaka kuwafikisha watu. Hedi, sehemu ya juu ya injini, ikapinda, gasketi yake ikaungua, nikauza karafuu za msimu mzima nikalipa gereji. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo ulipo, hata kama umebakisha nyumba mbili kufika. Zima, ngoja ipoe kabisa ndipo uguse kifuniko.

Na hayo maji unayoongeza kila siku mbili ni ya wapi? Kama ni ya kisima, lifikirie birika langu la chai lilivyofanya ganda jeupe ndani. Ganda hilo hilo linafanyika ndani ya injini yako. Ukishaziba panapovuja, tia maji ya rejeta ya dukani, yale ya rangi.

Kuna kitu hukukitaja kwa sababu hakilii wala hakivuji, nacho ni ukanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja ndani ya injini. Injini yako ni 5A, ina ukanda wa mpira, si mnyororo kama ya Ist ya shemeji yako, na ukanda ule umri wake ni kama kilomita laki moja. Fungua boneti utafute kijikaratasi cha Kijapani. Mafundi wa kule huandika tarehe na kilomita za siku walipoubadilisha. Mwaka ukiona umeandikwa 18, au 20, ni hesabu ya mfalme wao wa wakati huo. Ongeza 1988 utapata mwaka wetu, kwa hiyo 18 ni 2006. Kama hukioni, uhesabu ukanda huo ni mzee. Hata hivyo nimeuweka nyuma ya breki na matairi kwa sababu moja. Kwenye injini hizo, ukikatika kwa kawaida pistoni hazifiki kwenye valvu, gari inazima tu hapo ulipo. Ni mashaka, lakini si maiti. Mshahara ujao, ukanda huo ndio wa kwanza.

Taa ya injini mpelekee mwenye mashine aisome, usikie tu inasema nini, usinunue kitu siku hiyo. Kiyoyozi una madirisha. Redio tutaimba wenyewe.

Sasa hesabu. Kwa bei ulizonitajia, padi na mafuta ya breki na ufundi ni elfu sabini. Matairi mawili mapya ni laki mbili na elfu thelathini. Paipu, klipu na maji ya rejeta, elfu arubaini. Waipa elfu kumi, maana vuli hiyo inakuja na hizo zako nimezisikia zinavyokwaruza kioo ulipokuwa ukinirekodia. Laki tatu na nusu imekwisha yote, na boljointi bado. Hiyo niachie mimi. Nilishapima karafuu kidogo wiki iliyopita, nakutumia laki moja kwa simu kesho asubuhi. Usinirudishie. Zikibaki, nunua kopo la mafuta ya breki uweke kwenye buti.

Spea nunua mwenyewe, usimpe fundi pesa akakununulie. Si kwamba namdhania mtu ubaya, ila ukienda dukani na padi ya zamani mkononi utailinganisha na mpya, utaujua uzito wake, utaijua na bei. Vile vya zamani vyote vikitolewa viombe urudi navyo nyumbani.

Kutu nayo si uzuri tu, nisikufiche. Ukiwa unafanya kazi ufukweni, chumvi inakula kutoka chini, pale usipopaona. Mlango wenye mabaka utaishi miaka. Ni chesisi na paipu za breki zinazokwenda nyuma ndizo za kuchunguzwa. Kila wiki miminia maji baridi, yasiyo ya chumvi, chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, hata kama juu hujaosha. Boneti ipige msasa mwenyewe na uipake rangi ya kuzuia kutu ya kopo, iwe na kiraka. Tutangoja rangi mpaka msimu mwingine.

Nimemsomea mdogo wako barua hii kabla sijaikunja. Amesema gari haimshughulishi, anataka wewe ufike. Wenzake wameshakubaliana watatunga asumini na vilua wazitandaze juu ya boneti yote na kwenye mlango wa kushoto.

Ukishapata majibu ya boljointi nipigie, hata kama ni usiku. Na matairi kabla hujayalipa, zipige picha zile tarakimu nne unitumie, nizisome mwenyewe. Tikiti ya kuvusha gari usikate mpaka hapo.

Mawingu yamekuwa meusi upande wa bahari, naenda kukunja jamvi.

Mamaako