Makombo ya mungu

Kathmandu, siku za Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Nepal

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Nimefika salama kwa kina Sunita, yule tuliyefanya kazi pamoja Doha, na nyumba imejaa ndugu.

Uliuliza Kinepali kimefika wapi. Neno linaloniandama kutwa ni jutho. Chakula kikishaguswa na mdomo au mkono wa anayekula kimekuwa jutho: hakirudi chunguni, hapewi mgeni, na kwenye ibada ndiyo usithubutu. Hata maji ya chupa watu wanayamimina kinywani toka juu, midomo isiguse. Mimi najimwagia kifuani, watoto hoi kwa kicheko. Usidhani wanaogopa vijidudu. Ni najisi, ila ya Wahindu hawa inakaa kwenye mate.

Sasa sikia. Chakula kikitangulizwa mbele ya Durga, mungu wao wa kike, kinachogawiwa baadaye ni prasad, na kila mtu anakinga mkono. Kwa hiyo makombo ya binadamu ni uchafu, ya mungu ni baraka! Na ya mume je? Zamani mke alikula kwenye sahani ya mumewe, mume akishashiba. Hapo nilinyamaza tu.

Msibani neno ni hilohilo. Ukoo wa marehemu unakaa jutho siku 13, na mtoto wa kiume aliyefiwa na mzazi huvaa nyeupe mwaka mzima. Jirani yetu mmoja yumo humo. Jana wazee walipokuwa wakitubandika tika, alama ya baraka kwenye paji la uso, ya mchele, mtindi na rangi nyekundu, na kutuchomeka nyuma ya sikio jamara, majani ya shayiri yaliyooteshwa gizani, kwake kulikuwa kimya.

Lisilonipendeza ni nachhune, yaani mwanamke aliye hedhini. Haingii jikoni wala penye puja, yaani ibada. Mjini wengi wanaishia hapo, na wapo walioacha kabisa. Lakini magharibi ya mbali ya Nepal kuna chhaupadi, kulazwa kibandani nje, na wamekufa wanawake humo kwa moshi, baridi na nyoka. Mahakama ya Juu ilipiga marufuku 2005, sheria ya 2017 ikaweka kifungo cha hadi miezi 3 au faini kwa anayemlazimisha mwenzake. Vibanda havijaisha.

Baada ya wiki chache ni Tihar, sikukuu nyingine. Siku moja yake mbwa wanavishwa mashada na kupakwa tika, kwa kuwa ni walinzi wa Yama, mungu wa kifo. Nitakutumia picha, maana bibi yako hataamini.

Wako,
Rehema