Mkopo wa maksai haulipwi kama mshahara

Kwa Mhariri,

Benki na sacco zinazokopesha wafugaji wa Kwale, Kilifi na Taita bado zinadai marejesho sawa kila mwezi. Kwa ng'ombe wa maziwa si neno, maziwa huuzwa kila siku. Kwa maksai wa kunenepesha ni kumkaba mkopaji.

Tuseme mtu amekopa Sh300,000 akanunua maksai 6. Wakichungwa na kuongezewa pumba, kila mmoja huongeza kama nusu kilo kwa siku, yaani kilo 60 kwa miezi minne. Mwezi wa pili wangali wamekonda, na tayari karani anapiga simu. Mfugaji humtoa mmoja kwa bei ya kutupa, wa pili akafuata, na waliobaki hawatoshi kulipa deni la wote sita. Riba na idaiwe kila mwezi, lakini mtaji, yaani fedha zenyewe zilizokopwa, usubiri maksai wauzwe mnadani.

Haya yalitukuta zamani. Baada ya sheria ya 1968 ya ranchi za vikundi, yaani ardhi ya malisho inayomilikiwa kwa pamoja, Shirika la Fedha za Kilimo (AFC) lilikopesha ranchi kwa fedha za Benki ya Dunia, dhamana ikiwa hati ya ardhi. Nani angethubutu kuipiga mnada ardhi ya ukoo mzima? Kiangazi kilipofyeka mifugo, deni la kikundi likakosa mwenyewe.

Tangu 2017 sheria inaruhusu mifugo yenyewe isajiliwe kuwa dhamana. Vyema, ila kinachomtambulisha ng'ombe ni hereni. Afisa wa mikopo ahesabu alfajiri, kabla hawajatoka zizini, amvishe kila mmoja hereni yenye nambari na apime kifua kwa utepe ili akadirie uzito. Akifika saa nne ataonyeshwa ng'ombe wa jirani. Akifa mmoja, sikio lenye hereni liletwe pamoja na barua ya daktari wa mifugo.

Karibu na Shimba Hills, kwenye mbung'o, pesa za dawa ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, ziwe ndani ya mkopo. Zisipokuwamo, mkopaji atazikopa kwa simu, na riba ya huko sote twaijua.

Bima ya kiangazi iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hutazama ukijani wa malisho kwa setilaiti. Ng'ombe akifa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, hailipi hata senti. Mkopeshaji anayekata ada ya bima hiyo kwenye mkopo amsomee mfugaji kipengele hicho kabla hajatia sahihi.

Msomaji,
Changamwe, Mombasa