Maiti ya Tollund haina uchawi wowote

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya yule mtu wa Tollund, maiti ya kale iliyokutwa kwenye kinamasi kule Denmark, mkamwita maiti iliyokataa kuoza. Jamani, maiti haikatai kitu, ni kinamasi ndo kimewanyima bakteria nafasi. Maji ya pale ya baridi, oksijeni karibu hamna, halafu kuna mimea midogo inaitwa sfagnamu inafanya maji yawe na asidi, basi ngozi inageuka nyeusi ngumu kama ya mkoba. Na asidi hiyohiyo inakula mifupa, ndo maana wengine wanakutwa ngozi ipo mifupa imelainika. Hiyo kemia tu.

Fumbo lenyewe, la kwa nini aliuawa, mmelipita mbio. Waliomkuta Mei 1950 walikuwa wanachimba mboji (udongo wa kinamasi unaokaushwa uwe kuni) karibu na mji wa Silkeborg, wakaona sura nzima, mpaka vindevu kidevuni, wakajua mtu kauliwa juzijuzi wakaita polisi, kumbe ana miaka kama 2,400! Kofia ya ngozi kichwani, mkanda kiunoni, nguo hana, na kamba ya ngozi iliyosukwa bado iko shingoni.

Sasa nyie mnasema alikuwa mhalifu. Mi haliniingii akilini. Mhalifu nani atamfumba macho na mdomo, amlaze ubavu na magoti kakunja kama kalala zake? Tena enzi hizo kule maiti zilikuwa zinachomwa, kwa nini huyu akapelekwe kinamasini? Na mbona hamkumtaja yule mwanamke wa Elling, aliyekutwa 1938 kama mita 80 tu kutoka hapo, naye kanyongwa, nywele ndefu zimesukwa vizuri kabisa? Wawili, eneo moja, karibu zama zilezile, hiyo kwangu inanuka kafara, japo siapi maana wale watu hawakuacha maandishi.

Ila ule mlo wake wa mwisho msiutumie kuthibitisha ibada wala adhabu. Uchunguzi wa 2021 umekuta uji wa shayiri, mbegu za kitani, mbegu za magugu (nahisi ni makapi yaliyochanganyika tu) na samaki kidogo. Mtu alikula uji, basi.

Halafu picha mliyoweka, andikeni chini yake kwamba kichwa ndo chenyewe, mwili unaoonekana pale makumbusho ya Silkeborg umetengenezwa upya, maana baada ya kupatikana kilichohifadhiwa vizuri kilikuwa kichwa, na sehemu kubwa ya mwili ukaachwa ukakauka.

Msomaji wenu